Mtani Aliyelala Mlangoni

Habari za kifo cha mpishi wetu zilinikuta Mikindani, nimesimama mbele ya nyumba ya mawe iliyoanguka paa, nikimsikiliza mwenye nyumba akieleza kwa nini haitengenezi. Simu iliita. Alikuwa mpwa wa marehemu, naye hakuzunguka: "Mwandishi, bibi yako wa mwiko ametutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya adhuhuri. Ukichelewa usije kusema hukuambiwa." Nikamwomba radhi mwenye nyumba, nikapanda bodaboda kurudi mjini. Njia nzima nilikuwa na swali moja kichwani, na nilipofika Rahaleo, mtaani kwa marehemu, nikakuta kila aliyeketi chini ya turubai analo hilohilo. Watu walisalimiana, wakapeana pole, kisha wakaulizana kwa sauti ya chini: je, mheshimiwa atakuja? Na akija, atalala mlangoni?

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kuwa safu hii haitaji majina, na leo sitaanza. Inatosha kusema kwamba marehemu alikuwa mpishi wa shughuli. Arusi, maulidi, watoto wanapotoka jandoni, msiba: palipowashwa moto wa mafiga makubwa kati ya Mikindani na vijiji vya Nanyamba, mara nyingi yeye ndiye aliyeshika mwiko, na mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia. Hakuwa mwanamke mpole. Aliwafukuza jikoni wanaume waliokuja kuonja nyama kabla ya wakati, na akina mama waliokuja kusengenya bila kumenya kitunguu. Mimi alinivumilia kwa sababu napenda ukoko. Kila shughuli alinibakizia kipande, na pamoja na ukoko alinipa habari, maana mpishi wa shughuli anajua nani amefika, nani hakufika, na nani amefika lakini hakula. Nimefanya kazi ya habari kwa miaka mingi, na vyanzo vichache vimenifaa kama kile kilichonukia moshi wa kuni za mkorosho.

Kwa wasomaji wa mikoa ambako utani umebaki wa mpira tu, nieleze kidogo. Huku kwetu ziko koo ambazo tangu enzi za mababu zimepeana ruhusa ya kutaniana. Ukoo wa watani wako ukifiwa, wewe ndiye unayekwenda kuigiza mwendo wa marehemu, kukalia kiti chake, kuficha vyombo vya wapishi, na maiti anapotaka kutolewa nje, kulala kizingitini na kutangaza kwamba hatoki mtu hapa mpaka upewe chako. Watu wanacheka katikati ya kilio, na nadhani hiyo ndiyo kazi yake. Unapewa kitu kidogo, unainuka, mazishi yanaendelea. Wako masheikh wasioupenda mchezo huu na wanasema wazi, na wako wanaotazama pembeni mpaka uishe. Sheria yake kubwa hata watoto wanaijua: mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa, na utachekwa mpaka na wajukuu zako. Basi ukoo wa mpishi wetu ulikuwa na watani wengi, na mmoja wao ni mheshimiwa wa huku kwetu, mwenye kiti bungeni na sauti inayosikika serikalini.

Hadithi yenyewe ilianzia Nanyamba, msimu wa korosho, wakati harufu ya mabibo imejaa kila uwanja. Kijana mmoja askari alikuwa ameletwa kuzikwa. Alifia vitani, katika nchi ya mbali ambayo wengi wetu tuliijua kwa kuisikia redioni. Jeneza lilikuja limefungwa, limefunikwa bendera, na familia iliambiwa kwa upole kwamba halifunguliwi. Mpishi wetu aliitwa kupika kwa sababu marehemu alikuwa wa ukoo wa watani zake, ukoo uleule wa mheshimiwa. Lakini alikuwa na jambo jingine moyoni. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyefariki, kijana aliyemlea tangu akinyonya, alikuwa katika kikosi kilekile, nchi ileile. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita bila simu kutoka kwake.

Mheshimiwa alichelewa. Msafara wake ulipofika, watu walikuwa wamekwisha kuhamisha mikeka kufuata kivuli. Alipanda mahali palipoandaliwa, akashika kipaza sauti, akasema kijana amekufa shujaa, na kwamba taifa halitamsahau. Alisema neno shujaa mara nyingi. Mama wa marehemu alikuwa ndani na wanawake wenzake, sidhani kama alisikia lolote. Hotuba ilipokwisha, askari na jamaa waliingia kulichukua jeneza. Hapo ndipo mpishi wetu alipotoka jikoni, kanga imefungwa kiunoni, mwiko mkononi, akaenda akalala kizingitini, mwiko ameulaza kifuani kama bunduki. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka. Mheshimiwa aliyekuwa nyuma ya jeneza akasogea mbele akitabasamu, maana alijua zamu ya kulipa ni yake, kama mkubwa wa ukoo.

"Mtani, inuka. Wazee wanangoja."

"Wangoje. Wewe umewangojesha asubuhi nzima, nani kakwambia kitu?"

Kicheko kikazidi. Mheshimiwa akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akamwinamia. Mpishi hakuipokea.

"Hiyo kanunulie sabuni, ufulie ulimi. Shujaa, shujaa, shujaa! Nilikuwa jikoni nakuhesabia, wali ukataka kuungua."

"Sasa unataka nini, mtani wangu?"

"Nataka vijana warudi. Wangu yuko hukohuko alikotoka huyu. Namtaka aje kwa miguu yake, asije kwa kubebwa. Yeye na wenzake wote."

Watu hawakujua kama wacheke au wanyamaze, na mheshimiwa mwenyewe hakujua. Akachagua kucheka. "Haya, mtani. Nitawarudisha. Inuka."

"Weka mkono hapo juu useme tena, naye asikie."

Mheshimiwa akatazama huku na huku. Jeneza lilikuwa zito, wabebaji walikuwa wanatoka jasho. Akaweka kiganja juu ya bendera akasema, "Nitawarudisha." Mpishi akainuka, akajikung'uta vumbi, akawaambia wabebaji, "Polepole hapo mlangoni, msimgonge," akarudi kwenye sufuria yake.

Nimeitafakari sana dakika ile, na ninaamini mheshimiwa alifanya kosa ambalo ni mtu wa huku tu anayeweza kulifanya. Mgeni angemwita polisi, au angesema bibi huyu amechanganyikiwa na msiba, na mambo yangeishia hapo. Yeye aliujua utani, ndiyo maana alijibu, lakini aliujua kama mtu aliyeondoka nyumbani akiwa mdogo. Alidhani maneno ya utani yote ni mzaha. Alisahau kwamba mzaha uko katika kudai tu. Ulichokiahidi mbele ya maiti ili apite, umemwahidi maiti, na mtani aliyekuachia njia amekuwa shahidi wake. Tunapenda kusema ahadi ni deni, na tunalisema kirahisi kwa sababu mara nyingi mdai hana pa kukushikia. Huyu alikuwa na pa kumshikia mtu.

Niseme pia kwamba watu wa pwani hii si wageni wa vita. Wazee wetu walipokea ndugu waliovuka Ruvuma wakikimbia, wakawapa mashamba ya mihogo na majina ya mitaa. Vijana wa huku walisaidia ukombozi wa ng'ambo na baadhi yao walizikwa kwa ajili yake, na hakuna nyumba inayolionea haya jambo hilo. Kwa hiyo maneno ya mpishi yalipoanza kuzunguka, wako waliomkatalia, tena kwa hoja. Jirani yake mmoja, askari mstaafu, alimjia jikoni siku ya maulidi. Nilikuwepo, nikisubiri ukoko wangu.

"Shemeji, wewe unataka jeshi likae nyumbani limenye vitunguu? Enzi zetu tusingevuka mto, jirani angekuwa huru leo?"

"Enzi zenu nakumbuka, nilikuwa msichana. Alikuja mwenyekiti, akakaa kwenye jamvi la baba yangu, akasema: tunawataka vijana, kazi ni hii, adui ni huyu, yuko pale, ukipanda mnazi unauona moshi wake. Baba akauliza, akajibiwa. Akauliza tena, akajibiwa tena. Ndipo akamtoa kaka yangu. Mie wangu kaenda wapi, shemeji? Anapigana na nani? Mpaka lini? Niambie wewe uliyevaa magwanda."

Yule mzee akakuna kidevu. "Mambo mengine ni siri ya jeshi."

"Siri iwe njia wanayopita. Sababu ya kufa nayo siri? Na hawa walioko mtoni hapa, wanaolinda mpaka, umenisikia nikiwataja? Hao najua wanalinda mlango wangu. Naweza kuwapelekea uji. Menya kitunguu au ondoka, moshi unakutoa machozi bure."

Mstaafu alimenya. Hakushindwa kabisa, na sitaki msomaji adhani alishindwa. Alikuwa na hoja kwamba nchi isiyosaidia wenzake siku moja itakosa wa kuisaidia, na hoja hiyo ina uzito mpaka leo. Lakini nilichokiona siku ile ni kwamba swali lilikuwa limetoka kwenye kamati na kuingia jikoni, na swali likifika kwenye vitunguu halirudi tena kamatini peke yake.

Miezi ikapita, mheshimiwa hakusema neno. Kijana alipiga simu mara moja, akasema yuko salama, sauti ikakatika. Mpishi hakuandamana, hakubeba bango. Alichofanya ni kwenda kila alikokwenda mheshimiwa akiwa huku. Wanasiasa wetu wanapenda misiba, kila mtu anajua, maana watu wako tayari wamekusanyika. Sasa kila msiba aliofika alimkuta mpishi yuko tayari, na pasipokuwa na msiba, yeye huyohuyo alikuja. Nakumbuka uzinduzi wa kisima katika kijiji kimoja njia ya Nanyamba. Bomba lilikuwa limefungwa utepe, ngoma zimekwisha kupigwa, na mheshimiwa amekwisha kupewa mkasi. Mpishi akapita katikati ya watu, akaenda akalala mbele ya bomba. Msaidizi wa mheshimiwa, kijana wa suti asiye wa huku, akamkimbilia.

"Bibi, tafadhali, huu ni mkutano wa maji."

"Kwani nimesema si wa maji? Na yule aliye huko anakunywa nini?"

"Bibi, utaondolewa."

"Niondoe, mwanangu. Ila muulize kwanza bosi wako nini kinampata mtu akiniondoa."

Kijana akageuka. Mheshimiwa alikuwa amesimama na mkasi, uso umemwiva, na watu wote wa uwanja ule walikuwa wanautazama uso wake tu. Walikuwa wanasubiri akasirike. Nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara, nimeona viongozi wakizomewa, nimeona wakirushiwa maneno makali, na mara nyingi wanatoka wakiwa na nguvu zaidi, kwa sababu hasira ya watu inampa kiongozi ruhusa ya kuwa na hasira yake. Hapa hakukuwa na hasira. Palikuwa na bibi amelala kwenye tope changa, amejiegemeza kiwiko kama mtu aliye kwenye mkeka wake. "Mwache," mheshimiwa akasema hatimaye. "Ni mtani wangu." Akakata utepe kwa kupitisha mikono juu yake, na maji ya kwanza ya kisima kile yakamlowesha mpishi begani. Akasema yana chumvi kidogo lakini yatafaa kwa kunde. Watu wakafa kwa kicheko. Kisha, wakati wa kuondoka, wanawake wa kijiji, ambao nao kwa koo zao ni watani wa mheshimiwa, wakalizunguka shangingi lake wakaketi chini. Hakuna aliyepaza sauti. Waliuliza jambo lilelile: "Wanarudi lini?"

Baada ya hapo halikuwa tena jambo la mtu mmoja. Mikindani walimuuliza mheshimiwa akinunua samaki. Kwenye arusi ya mpwa wake, wapishi walimletea sahani tupu iliyofunikwa kawa, akafunua, wakamwambia chakula kitakuja vijana wakija. Nasikia mikoani nako wazazi wengine walikuwa wanauliza kwa njia zao, misikitini na makanisani, na sidai kwamba mwiko wa Rahaleo ndio uliofanya kila kitu. Mheshimiwa alinipigia simu akaniomba nizungumze na mpishi apunguze. Alieleza kwa utulivu, na nakiri alieleza vizuri: majeshi hayaondolewi kama watu wanavyofunga duka, kuna makubaliano, kuna washirika, kuna vijana wa nchi nyingine watakaoachwa wazi ubavuni. Nikamwambia hayo yote yanastahili kusemwa, lakini siyo kwangu. "Nenda jikoni kwake ukayaseme," nikamwambia. Akauliza, "Atanipa ukoko?" Nilijua hapo kwamba ameanza kusalimu amri.

Alikwenda. Sikuwepo, nami sipendi kuandika nisichokiona, lakini mpwa wa marehemu aliniambia kwamba alikaa kwenye kibao cha mbuzi, ile ya kukunia nazi, akaeleza mambo yake yote mpaka mwisho. Mpishi alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Kisha akamwambia, "Sasa umesema na mimi. Kawaulize na wenzako huko bungeni mnakokaa, wakueleze kama ulivyonieleza, na mie nisikie redioni." Bunge lilipokaa, mheshimiwa akasimama kwenye maswali ya nyongeza. Sauti yake tuliisikia wote. Akauliza vijana wetu wako kule kwa shabaha gani, shabaha hiyo itajulikanaje kuwa imefikiwa, na wanarudi lini. Akaongeza kwamba anauliza kwa sababu ana deni kwa mtani wake. Wabunge wengine walicheka. Wa kusini hawakucheka. Jibu la siku ile lilikuwa la kuzunguka, lakini swali likishaulizwa mahali pale huwa linaulizwa tena, na wengine wakaliuliza. Kabla msimu mwingine wa korosho haujaanza, serikali ikatangaza kwamba kikosi kitarejea nyumbani kwa makundi.

Mjukuu alikuja na kundi la kwanza. Alishuka stendi kwa miguu yake, amekonda, begi begani, na bibi yake hakulia mbele za watu. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Huko mlikuwa mnapikiwa na nani? Kamata hiyo sufuria, tuna arusi." Mimi nilidhani hadithi imekwisha, nikaandaa hata makala yake kichwani. Majirani nao walidhani hivyo. Lakini juma lililofuata mheshimiwa alifika kwenye hitma hapa mjini, na kabla hajaketi akamwona mpishi anajinyoosha mlangoni. Mwanamke mmoja akamvuta kanga. "Dada, wako si karudi? Muache mtu wa watu apumzike."

Hapo mpishi wetu akasema neno ambalo naliona kubwa kuliko yote niliyomsikia akiyasema. Alilisema bila utani, akiwa bado chini. "Nilimshikia mlangoni pa mtoto wa mwenzangu. Aliyelala jenezani siku ile hakuwa wangu. Nikinyamaza leo kwa kuwa wangu karudi, nitakuwa nilimtumia maiti wa watu kumwita wangu." Mheshimiwa alisikia. Aliketi palepale kizingitini, kando yake, akamtajia makundi yaliyobaki na lini yanatarajiwa, kwa kadiri alivyojua. Alipomaliza, ndipo mpishi alipomruhusu apite.

Tangu hapo mpishi wetu alikuwa akiumwa. Kifua, walisema, ni moshi wa miaka yote ile. Kundi la pili likarudi, akaletewa habari akiwa kitandani. Kundi la mwisho lilikuwa bado kule alipofariki.

Nirudi Rahaleo, chini ya turubai. Mheshimiwa alikuja. Hakuja na msafara. Alishuka kwenye gari moja akiwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akapeana mikono na watu, akaketi jamvini. Maiti alikuwa amekwisha kuoshwa na kukafiniwa. Jeneza lilipoinuliwa ndani, mjukuu akiwa ameshika mbele upande wa kulia, watu wote waligeuza vichwa. Mheshimiwa akasimama, akavua viatu, akaenda mpaka mlangoni na kulala chali juu ya kizingiti, na kanzu yake ikaingia vumbi na majivu ya jikoni. Hakuna aliyecheka. Sheikh akatazama saa, akatazama mbinguni, akasema kwa ukali kidogo, "Haya, upesi, bwana. Unataka nini?"

"Nataka anisamehe deni," mheshimiwa akasema. "Nimelipa sehemu kubwa, mnajua wote. Iliyobaki haiko mikononi mwangu peke yangu. Aniachie, tumzike kwa amani."

Ni ombi zuri, na lilisemwa kwa moyo; nilikuwa karibu, niliona macho yake. Kwenye maziko yetu tumezoea kuwaombea wafu wasamehewe madeni. Huyu alikuwa aliye hai anaomba msamaha kwa maiti. Na kwa kuwa maiti hajibu, macho yalimwendea mjukuu. Huku kwetu tunafuata ukoo wa mama, kwa hiyo kijana naye ni mtani wa mheshimiwa, na alikuwa na haki ya kusema chochote. Aliutengeneza mti wa jeneza begani, akamtazama yule aliyelala miguuni pake.

"Deni hilo halikuwa la bibi, mtani. Alikuwa analishika tu. Na mimi siwezi kulisamehe, wenzangu bado wako huko. Inuka utushikie huku mbele, kisha ukalipe."

Jikoni sufuria ilikuwa ikichemka. Kisha mwanamke mmoja akasema kutoka ndani, "Inuka bwana, kanzu imeharibika bure," na kicheko kikaja chenyewe, kikiwa kimechanganyika na kilio, kama inavyotakiwa. Mheshimiwa akainuka. Hakujikung'uta. Akaingia chini ya mti wa mbele, upande wa kushoto, akabeba mpaka makaburini bila kupokelewa.

Wako wanaoamini kwamba mambo ya vita na amani ni makubwa mno kwa watu kama sisi, na kwamba sauti ya raia haifiki wanakokaa wakubwa. Mimi siamini hivyo, na baada ya hayo niliyoyaona sidhani kama nitaamini tena. Kiongozi anaweza kustahimili kelele, kwa sababu zina mwisho. Watu wanachoka, wanarudi mashambani. Kinachomshinda ni kuulizwa jambo lilelile, kwa heshima, na watu wanaomjua, kila anapokwenda kula, kuzika na kuoza binti. Hatuhitaji kuwa wengi sana kufanya hivyo. Tunahitaji kutonyamaza pale wa kwetu wanaporudi. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo mpishi wetu alilotuachia.

Juzi nilikuwa Mikindani tena, kwenye msiba mwingine. Mwiko ule mrefu sasa unashikwa na mpwa wake, yule aliyenipigia simu; wali wake bado una maji kidogo, lakini ukoko ni mzuri. Mheshimiwa alifika, akavua viatu, akakuta mwiko umelazwa mlangoni, umepita kutoka upande huu mpaka upande ule. Mpwa alikuwa amesimama nyuma ya mwiko huo, mikono kiunoni.

"Wamebaki wangapi?" akamuuliza.

Msaidizi wa suti akafungua mdomo ili asaidie. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kujibu.